Mwendo na Breki: Funzo la Mbio za Magari kwa Njia za Masisi na Walikale

Ni shida kumpata kijana asiyependa mwendo wa kasi. Watazameni watoto wa Mushaki au wa Kitchanga: wakipata mteremko na kitu chenye magurudumu mawili, hawaulizi tena saa ya kula. Furaha hiyo Mungu ndiye aliyeitia moyoni mwa mwanadamu, wala si dhambi. Lakini mwendo una mwenyewe, na breki ina mwenyewe, na mara nyingi hao wawili si mtu mmoja. Mmoja hutaka mambo yaende upesi kwa sababu faida ni yake. Mwingine hukaa juu ya magurudumu, na shingo ni yake. Juu ya jambo hilo twataka kuzungumza nanyi juma hili. Tutasafiri mbali kidogo, hata Marekani, kisha turudi kwetu Masisi na Walikale.

GARI LA MTI

Tuanze na gari letu wenyewe, yaani chukudu. Msomaji wa mbali asiyeiona bado na afikirie ubao mrefu wa mti mgumu, wenye gurudumu la mti mbele na jingine nyuma, na usukani wa mti uliosimama mbele kama pembe za ng'ombe. Haina injini, haina mnyororo, haina kanyagio. Mpandaji hupiga goti moja juu ya ubao, akasukuma ardhi kwa mguu wa pili. Akifika mteremkoni husimama, na uzito wa mzigo humvuta wenyewe. Katika milima ya Kivu ya Kaskazini gari hili limekuwa likibeba viazi, kabeji, maharagwe, makaa, mbao na maji tangu miaka ya 1970, na chukudu njema hubeba mamia ya kilo. Mjini Goma wamelisimamishia sanamu ya rangi ya dhahabu, na heshima hiyo yalistahili, kwa maana nyumba nyingi zimejengwa na watoto wengi wamesomeshwa kwa jasho lililomwagika juu ya ubao huo.

Sasa angalieni magurudumu yake. Fundi akiisha kuyachonga, huyavika ukanda wa mpira uliokatwa katika tairi kuukuu la lori, akaupigilia misumari. Mpira uliomaliza kazi yake chini ya lori huanza hivyo maisha ya pili. Na breki je? Hiyo nayo ni kipande cha tairi, kilichofungwa karibu na gurudumu la nyuma. Mpandaji hukikanyaga, mpira ukasugua mpira, na mwendo ukapungua. Aliyeteremka na mzigo mzito ajua harufu inayotoka hapo. Mpira hupata moto, hulainika, huanza kumeguka. Na ukimeguka katikati ya mteremko, hakuna kinachobaki ila mguu wa kijana na rehema ya Mungu.

Shikeni vema jambo hilo la mpira na moto, kwa maana ndilo lililowatenga matajiri na madereva huko Marekani katika mwaka 1969.

UWANJA MPYA WA TALLADEGA

Wamarekani wa kusini hupenda mno mashindano ya magari ya dukani. Twayaita hivyo kwa sababu umbo lake ni la magari ambayo mtu yeyote angeweza kuyanunua, ingawa injini zake zimetiwa nguvu nyingi zaidi. Mkuu wa mashindano hayo siku hizo alikuwa Bill France, mtu mwenye bidii na maarifa mengi, aliyeyatoa katika njia za vumbi akayafanya kazi kubwa ya fedha. Yeye ndiye aliyejenga uwanja mpya karibu na mji wa Talladega, katika jimbo la Alabama, mahali palipokuwa zamani kiwanja cha ndege za jeshi. Ulifunguliwa Septemba 1969.

Haukuwapo uwanja wa namna hiyo uliokuwa mwepesi kama huo. Mzunguko wake mmoja ni kilomita 4 na robo. Makonani barabara haikulazwa sawa, bali imeinuliwa upande wa nje kama paa la nyumba, kwa digrii 33. Sababu yake ni hii: gari likizunguka kona iliyo sawa kwa kasi kubwa hutupwa nje, lakini barabara ikiinuliwa upande wa nje, yenyewe hulisukuma gari lirudi ndani. Kwa hiyo dereva hana haja ya kupunguza mwendo. Katika majaribio magari yalikaribia kilomita 320 kwa saa. Kwa mwendo huo mtu angetoka Goma akafika Sake kwa dakika tano.

Lakini hakuna faida isiyo na gharama. Makonani uzito wote wa gari hukandamizwa juu ya matairi kwa nguvu nyingi. Mpira ukapata moto, na matabaka yake yakaanza kuachana. Katika majaribio hayo matairi yalipasuka na kuchanika baada ya mizunguko michache tu. Mafundi wa kampuni mbili za matairi, Goodyear na Firestone, walihangaika usiku na mchana. Hatimaye Firestone waliyaondoa matairi yao. Fikirini: uwanja umekwisha jengwa, tiketi zimekwisha uzwa, watu wako njiani kuja, na kitu kimoja tu hakiko tayari, nacho ndicho kinachomshika dereva asife.

WALIOKATAA

Mwezi mmoja kabla ya hapo madereva walikuwa wameunda chama chao, wakamchagua Richard Petty, bingwa mkubwa kuliko wote wa siku zile, kuwa mkuu wao. Huyo na wenzake wakamwendea Bill France, wakamwomba aahirishe mashindano hata yapatikane matairi ya kufaa. France akakataa. Ili kuwaonyesha kwamba uwanja ni salama, yeye mwenyewe, mtu wa makamo, aliingia garini akazunguka kwa kasi kubwa. Madereva wakajibu kwamba yeye hakwenda kwa mwendo ambao wao wangelazimika kwenda siku ya mashindano, wala hakuwa na magari mengine ubavuni mwake.

Basi Jumamosi tarehe 13 Septemba madereva mashuhuri karibu wote walipakia magari yao juu ya malori, wakaondoka. Hebu tulipime vema tendo hilo. Hao hawakuwa waoga. Walikuwa watu waliozoea kukaa karibu na mauti kila Jumapili, na wengine walikuwa wamezika rafiki zao. Walijua kutofautisha hatari iliyomo katika kazi na hatari iliyoletwa na haraka ya mtu mwingine. Ile ya kwanza waliikubali. Hii ya pili waliikataa.

Je, mashindano yalivunjika? La. Kesho yake, tarehe 14 Septemba, yalifanyika. Nafasi zilijazwa na madereva wachache waliobaki, pamoja na magari madogo yaliyokuwa yameshindana Jumamosi. Watazamaji waliahidiwa kwamba tiketi zao zingewaingiza tena katika mashindano mengine. Katika siku hiyo magari yalisimamishwa mbio mara kwa mara ili matairi yabadilishwe, na mshindi akawa Richard Brickhouse, kijana aliyejitoa katika chama akaendesha; hakushinda tena shindano jingine kubwa maishani mwake. Mungu asifiwe, hakuna aliyekufa.

Msomaji aweza kusema: Kumbe France alikuwa na haki! Tusiharakishe kuhukumu. Hakuna aliyekufa kwa sababu walioendesha hawakwenda kwa mwendo ule ulioogopwa, na kwa sababu walisimamishwa kila mara. Maana yake ni kwamba waliokataa walisikilizwa hata baada ya kuondoka. Mwaka uliofuata matairi yenye nguvu zaidi yalipatikana, na katika Machi 1970 dereva Buddy Baker alizunguka uwanja huo huo kwa kasi ya zaidi ya kilomita 322 kwa saa katika majaribio, akatoka salama. Kilichokuwa kikiombwa ni miezi michache tu ya subira.

MIAKA 18 BAADAYE

Habari haikuishia hapo. Magari yaliendelea kuongezewa nguvu, na katika 1987 Bill Elliott alizunguka Talladega kwa zaidi ya kilomita 342 kwa saa. Mei mwaka huo huo, katika mashindano yenyewe, tairi la Bobby Allison lilipasuka. Gari lake likainuka juu kama karatasi, likagonga wavu unaowakinga watazamaji, na baadhi yao wakaumia. Wavu ulipasuka, lakini gari halikuingia katikati ya watu. Allison alipona. Siku hiyo mwanawe, Davey, alikuwa mashindanoni mbele yake, akaona katika kioo yaliyompata babake, akaendelea, akashinda.

Tangu 1988 wakuu wa mashindano wakaamuru kwamba katika viwanja viwili vya kasi kubwa kuliko vyote, Daytona na Talladega, kila injini itiwe kibati chenye matundu madogo, kinachoizuia kuvuta hewa nyingi. Injini isiyopumua vema haiwezi kukimbia mno. Ndivyo wale wale waliotaka mwendo walivyokuja kuufunga kwa mkono wao wenyewe. Lililokataliwa madereva walipoliomba, lilikubaliwa wavu ulipopasuka. Ndugu wasomaji, hiyo ndiyo tabia ya wanadamu mahali pote: hekima huja ikifuata msiba, hali ingeweza kutangulia.

MBIO ZA JIRANI ZETU

Haifai tudhani kwamba mashindano yote ya magari ni ya namna hiyo. Jirani zetu wa Kenya, Uganda na Tanganyika walianza mashindano yao katika 1953, mwaka wa kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II wa Uingereza. Baadaye yakaitwa Safari ya Afrika ya Mashariki. Hapo mwanzo magari yalikuwa ya dukani kweli kweli, yakigawanywa katika makundi kwa kufuata bei yake. Uwanja wao ulikuwa nchi yenyewe: vumbi, mawe, mito, na matope ya masika, kwa maelfu ya kilomita.

Katika Safari hiyo mwenye kasi si lazima ashinde. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, yakafika 7 tu. Mwaka 1968 yaliondoka zaidi ya 90, na tena yakafika 7 tu. Na mara zote mbili wa kwanza walikuwa Nick Nowicki na Paddy Cliff, ndani ya Peugeot 404. Mwaka 1965 alishinda Joginder Singh wa Kenya, pamoja na ndugu yake Jaswant, kwa gari la Volvo lililokwisha tumiwa na wengine. Yeye alikuwa fundi, na watu husema kwamba fundi husikia ugonjwa wa gari kabla gari halijalala. Mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkaaji wa Dar es Salaam. Miaka mingi ilipita, hata 1972, kabla mgeni kutoka ng'ambo hajawashinda wenyeji. Wageni walikuja na magari mazuri. Wenyeji walijua mahali pa kupunguza mwendo.

NJIA ZETU

Sasa turudi nyumbani. Njia za Masisi hupanda na kushuka juu ya vilima vya malisho, na mvua ikinyesha udongo huteleza kama sabuni. Lori hukwama, na nyuma yake huungana malori kumi. Pikipiki hupita pembeni na watu watatu, na gunia juu. Walikale ni nchi ya msitu na mito, na huko haja ya usafiri imewafundisha watu mambo ya ajabu. Karibu na Kilambo kipande cha barabara ya lami katikati ya msitu kiligeuzwa kiwanja cha ndege: kwa miaka mingi ndege ndogo kutoka Goma zilishuka juu ya barabara yenyewe kuchukua kasiteriti, wapita njia wakisimamishwa kando. Na mawe hayo ya kasiteriti yalifikaje barabarani? Tangu yalipoanza kuchimbwa Bisie katika 2002, vijana waliyabeba mgongoni katika magunia ya kilo 50 hivi, wakitembea siku mbili kwa njia za miguu hata Njingala. Ndege ilikwenda kwa injini. Kijana alikwenda kwa magoti yake. Bei ya jiwe ilipangwa mbali na wote wawili.

Vita navyo vimeongeza mzigo. Vilipoenea Masisi katika 2024 na mwanzo wa 2025, na kufika Walikale Machi 2025, chukudu zile zile za viazi zilibeba magodoro, masufuria, na wazee wasioweza kutembea. Mtu akikimbia risasi hatumwambii apunguze mwendo. Lakini siku za kawaida, siku za soko, ni nani anayemkimbiza kijana wetu?

Mara nyingi ni mwenye mzigo. Humlipa kwa kila safari, kwa hiyo kijana hutaka safari mbili mahali pa moja, na magunia matano mahali pa matatu. Mpira wa breki umekwisha, naye husema atabadilisha kesho. Mara nyingine ni baba mwenyewe, anayemtoa mtoto shuleni ampe chukudu au pikipiki kabla mifupa yake haijakomaa. Na mara nyingine hakuna mtu. Ni vijana wenyewe, wanaoshindana mteremkoni ili wasichana wawaone.

Twajua jibu watakalotupa wengi: Richard Petty alikuwa tajiri, aliweza kukataa kazi juma moja na watoto wake wakala, kijana wa Masisi akikataa gunia la leo, mwingine atalichukua mara moja, naye atarudi nyumbani mikono mitupu. Neno hilo ni la kweli, wala hatuwezi kulifunika kwa mahubiri. Ndiyo sababu mzigo wa kwanza wa dhamiri haumwangukii yule aliye juu ya ubao, bali yule alipaye. Papa Leo XIII alifundisha waziwazi katika barua yake juu ya wafanyakazi, mwaka 1891, kwamba si haki kumtwika mtu kazi inayoushinda mwili wake, hata kama amekubali kwa sababu ya njaa. Kukubali kwa mwenye njaa si kukubali kamili.

LINALOTUPASA

Kwanza, tuseme na wafanya biashara. Mpira wa breki ni kipande cha tairi kuukuu. Bei yake hailingani hata kidogo na bei ya mzigo. Kabla ya kumpa kijana magunia, tazama gurudumu la nyuma. Ukilikuta tupu, mpe kwanza mpira, ndipo umpe magunia. Na usimlipe kwa namna inayomlazimu kukimbia.

Pili, wapanda chukudu na wapanda pikipiki. Mna vyama vyenu. Msivitumie kwa kuchanga fedha za mazishi tu. Kukataa kwa mtu mmoja ni njaa. Kukataa kwa watu mia ni sheria. Patana na wenzako juu ya uzito wa juu kabisa, na kwamba asiye na breki hateremki. Chama cha madereva wa Marekani hakikudumu miaka mingi, tena siku ile walishindwa. Lakini neno walilolisema lilibaki, likaja kuwa kanuni.

Tatu, ninyi akina baba na akina mama. Msimcheke mtoto anayeshuka na kuisukuma chukudu yake kwa miguu mahali ambapo wenzake wanateleza wakipiga makelele. Huyo ndiye atakayewazika ninyi, wala si ninyi mtakaomzika yeye. Msiruhusu neno mwoga litamkwe nyumbani juu ya mtu anayeutunza uhai wake.

Mwisho, neno juu ya imani yetu. Wengi hutundika medali ya Mtakatifu Kristofa mbele ya usukani, na padre hubariki magari siku ya sikukuu. Ni desturi njema, nasi twaisifu. Lakini medali si breki. Shetani alipomchukua Bwana wetu juu ya kinara cha hekalu, akamshawishi ajitupe chini kwa kutumaini malaika, Bwana alikataa. Alisema mtu asimjaribu Mungu. Ateremkaye Sake na mzigo uzidio, mpira umekwisha, huku akiitaja rozari, afanya lile ambalo Bwana alikataa kulifanya. Amri ya tano hailindi uhai wa jirani tu. Yalinda na wa kwako.

Basi, vijana wa Masisi na Walikale, pendeni mwendo, shindaneni kwa furaha, na mwenye nguvu na ashinde. Lakini asubuhi kabla hamjaondoka, inameni kwanza mkaguse mpira wa nyuma kwa mkono. Ukiwa mwembamba, subirini. Soko la Sake litakuwapo kesho, na mama zenu wanataka mrudi.